Taa ya Ukutani na Taa ya Sahani

Akureyri, 14 Septemba

Baba mpendwa,

Nimefika salama, na yale maandazi ya kusokota ya shangazi Bergljót yaliisha kabla sijavuka mlima wa pili. Mwambie hivyo, afurahi. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za viazi. Kelele za kompresa, zile mashine za kusukuma gesi, zimekula masikio yako, baba, na kifaa cha masikio unakiweka kwenye droo pamoja na misumari. Basi tuandikiane.

Siku ile nafunga vifaa kwenye kiwanda chenu cha samaki ulisimama mlangoni umekunja mikono, ukijifanya unaangalia mvua. Najua uliona kila kitu. Lakini kwa kuwa hukuuliza hata swali moja, nakuandikia yote hapa ili usije ukasema hukuambiwa. Vitambuzi vya gesi ni vitatu. Nambari moja kiko chumba cha mitambo, juu kabisa karibu na dari, kwa sababu amonia, ile gesi ya kugandishia samaki, ikivuja hupanda. Nambari mbili kiko kwenye mafriza, juu vilevile, mbali na mlango, ili upepo usiipeperushe gesi kabla haijakifikia. Nambari tatu kiko kwenye korido inayotoka mafriza kwenda kantini. Kwenye chumba chako cha zamu nimeweka ubao wenye taa tatu. Kengele usipoisikia, usijali. Taa itawaka, feni ya kutoa hewa itaanza yenyewe, na nambari ya taa itakuambia gesi iko wapi.

Sasa shika hili. Ubao una kitufe cha kujaribia. Ukikibonyeza, kengele italia na taa zote zitawaka, nawe utasema mambo safi. Siyo safi hata kidogo. Kitufe kinajaribu kengele tu, hakijaribu pua ya kifaa. Ni sawa na kumuuliza kipofu jina lake, akakujibu vizuri, ukasema basi huyu anaona. Ndiyo maana nimekuachia mtungi mdogo wa gesi ya kupimia na kikombe chake. Kila mwezi panda ngazi, kifunike kitambuzi kwa kikombe, fungulia gesi kidogo, ungoje. Taa yake ikiwaka na feni ikazunguka, kizima. Isipowaka, kimekufa, nacho hakitakuambia kwamba kimekufa. Kinyozi hajinyoi, na kitambuzi hakijipimi.

Na wale wapaka rangi wanaokuja, waambie wavifunike kabla ya kuanza, na wavifunue wakimaliza.

Nimefunga vifaa hivi kwenye viwanda vya pwani yote ya kaskazini, baba, na sijawahi kushika bisibisi kwa fahari kama siku ile. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Wewe hukunitunza hata kikombe cha kahawa, lakini nilifurahi.

Mwanao,
Steinvör


Kaldeyri, 6 Oktoba

Binti yangu Steinvör,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani ya shangazi yako, mara ya pili kwa yangu, na kote umeandika jambo lilelile: kwamba baba yako anahitaji kikombe ndipo ajue amonia iko wapi.

Mimi ni Ketill Hrólfsson. Nilikuwa na amonia kabla sijawa na mama yako, naye alinikubali hivyo hivyo nikinuka. Mwaka ule wa theluji kubwa nilikuwa bandarini nikawaambia watu, vali ya kaskazini inavuja. Wakacheka. Wakaenda kutazama, wakarudi hawacheki. Wenye viwanda vingine walikuwa wakiniita nikawanusie mabomba yao, na walinipa chakula cha mchana kwa heshima. Hakuna aliyenipima kwa kikombe hata siku moja.

Lakini usiseme baba yako mkaidi. Kitufe nimekibonyeza. Taa zote tatu ziliwaka kama mti wa Krismasi, na meneja wetu Ingjaldur akaja mbio, kahawa imemmwagikia shati. Basi tumepima. Mtungi wako uko kabatini, hauli wala haunywi.

Kuna jambo moja, na hili limenichekesha mpaka mbavu zikauma. Umekaa mjini mpaka umesahau ulikozaliwa! Nambari tatu umekiweka kwenye korido ya kantini. Haya, tarehe ishirini na tatu Desemba, Misa ya Thorlákur, kiwanda kizima na kijiji kizima kantini tunakula nini? Taa! Samaki taa aliyevundikwa kwenye pipa mpaka ukimkaribia machozi yanakutoka. Na huyo taa ananuka nini? Amonia, mwanangu! Jambo hilo hata kitoto cha Kaldeyri kinalijua. Kengele yako italia tumekaa mezani, na watu watasema binti wa Ketill ametega mtego wa gesi, umenasa chakula cha sikukuu.

Ingjaldur amesema siku hiyo tuvizime vyote vitatu tule kwa amani. Mimi nitakaa zamu kama kila mwaka, na pua yangu italinda. Nimemwambia sawa.

Goti halijambo. Viazi ni vingi.

Ketill Hrólfsson,
fundi mkuu wa mitambo


Akureyri, 17 Oktoba

Baba,

Nimecheka, nikaona aibu, nikacheka tena. Ni kweli, taa nimemsahau. Nilipofunga kile cha tatu niliwaza mlango wa friza, sikuwaza sahani. Mwenzangu mmoja kazini, mtu wa kusini ambaye hajawahi kumtia kinywani, ameniuliza kwa nini tunakula kitu kinachowasha kengele ya hatari. Nimemjibu asiyejua maana haambiwi maana.

Lakini kuvizima vyote, hapana. Nakusihi. Hebu fikiri. Siku nyingine yoyote gesi ikivuja, mtu mmoja Kaldeyri atasimama aseme, jamani mbona pananuka? Siku ya taa nani atasema? Milango imefungwa kwa ajili ya baridi, watu wamejazana, kila mtu macho yanamtoka machozi na anafurahia. Amonia ya kweli ikiingia humo watasema lete viazi. Ndiyo siku pekee ya mwaka ambayo kijiji chetu hakina pua.

Ningekuja kukihamisha, ila sina nafasi kabla barabara ya mlimani haijafungwa. Nitakuja mwaka mpya. Kwa mwaka huu kwa nini msimle taa kwenye ghala la nyavu? Pana nafasi, na upepo unapita.

Na kubonyeza kitufe siyo kupima. Nilikuandikia. Ulipanda ngazi?

Steinvör


Kaldeyri, 2 Novemba

Steinvör,

Ghala la nyavu! Nimemsomea shangazi yako sentensi hiyo, akavuta kiti akakaa.

Baba yangu Hrólfur alimla taa kwenye kantini ile, tena kabla haijawekwa sakafu. Sisi si paka wa kulishwa nje. Zamani tuliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hizi mkuu ndiye anatakiwa asikie la mtoto, na sisi wakubwa masikio yenyewe hatuna.

Nikisema nitalinda, nitalinda. Au unadhani baba yako amechakaa? Kama ndivyo, sema wazi, usizungukezunguke na mitungi. Sipandi ngazi kuunusisha ukuta chupa.

Wapaka rangi wamekuja wamekwenda. Chumba cha mitambo sasa ni cheupe kama hospitali, naona haya hata kuingia na viatu.

Ketill Hrólfsson,
fundi mkuu wa mitambo


Kaldeyri, 9 Novemba

Mwanangu Steinvör,

Nakuandikia nimesimama hapa jikoni kantini, supu iko motoni, na barua hii baba yako asijue. Ukimwandikia usinitaje, maana nalala nyumba moja naye na majira ya baridi ni marefu.

Unagombana na pua ambayo haipo. Kaka yangu hanusi, Steinvör. Hanusi kitu chochote. Maziwa yaliyochacha anakunywa na kufuta midomo. Mwezi uliopita niliunguza uji mpaka jirani akaja kugonga mlango, na yeye yuko mezani ameupa jiko mgongo, anasoma gazeti. Akaniuliza, 'Leo uji upo?' Nikadhani ni mzaha wake. Kisha Jumapili nilikuwa uani na mapipa, nataka kumtazama taa wa mwaka huu. Akaja, akainama juu ya pipa, akavuta hewa kwa kifua kizima, akasema, 'Ah, Bergljót, mwaka huu amevunda vizuri sana.' Nikamwambia, 'Ketill, hilo ni pipa la maji ya mvua.'

Alinitazama, mwanangu. Akachukua koleo akaenda kuondoa theluji ambayo haikuwepo.

Naona ni ile gesi ya miaka yote imemuua pua. Sasa unaelewa kwa nini hataki kikombe. Mtu huyu pua ndiyo jina lake hapa kijijini, na mkewe amekwisha kufa, masikio yamekwenda, atabaki na nini? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki kikija hakitamuumbua peke yake. Siku ya taa nitakuwa mimi kwenye masufuria na kijiji chote nyuma yangu. Kaka yangu nampenda, ila sitaki kufa na upawa mkononi.

Usimwaibishe tu. Ubishi ulirithi kwake lakini akili ulirithi kwa mama yako, basi itumie.

Shangazi yako,
Bergljót


Akureyri, 20 Novemba

Baba mpendwa,

Nakuomba radhi kwa ghala la nyavu. Taa aliwe kantini, kama alivyoliwa na babu. Nimeshindwa, watangazie.

Uliniuliza kama nadhani umechakaa. Nitakuambia ninachodhani. Kwenye kila kitambuzi nimebandika karatasi yenye jina la aliyekifunga. Nenda ukaisome. Haikuandikwa Steinvör. Imeandikwa S. Ketilsdóttir, binti wa Ketill, maana huku kwetu kila mtu anatembea na baba yake kwenye jina. Karatasi hiyo nimeibandika viwanda vingi. Na katika kila kiwanda kuna fundi mzee anayekuja kunisimamia kichwani kuona msichana huyu anaharibu nini. Akiisoma huniuliza, 'Ketill yupi? Yule wa Kaldeyri?' Nikisema ndiye, anaondoka kwenda kunywa kahawa yake na kuniacha nifanye kazi. Sijawahi kukuambia haya, nilidhani utavimba kichwa. Vimba tu.

Kifaa kimoja kikishindwa kazi, jina litakaloaibika ni lako. Kutoka hapa siwezi kuipanda ngazi ile. Anayeweza ni mwenye jina.

Nifanyie mambo mawili tu. Panda mara moja na mtungi na kikombe, uvipime vyote vitatu. Na siku ya Misa ya Thorlákur usizime chochote. Nambari tatu ni kilafi, kitanusa sahani na kupiga kelele. Kikilia peke yake, mwambie shangazi afungue mlango wa nje na feni ya jikoni, na kisiponyamaza watoe watu. Lakini nambari moja iko nyuma ya milango miwili mizito, harufu ya chakula haifiki kule. Ikiwaka hiyo, siyo samaki. Usiufungue mlango uende kunusa. Zima mitambo kwa kitufe chekundu cha nje, watoe watu, waelekee upepo unakotoka.

Binti wa Ketill,
Steinvör


Kaldeyri, 4 Desemba

Binti yangu,

Nimepanda ngazi. Goti limenitukana kila kipandio.

Nilianza na nambari tatu. Kikombe, gesi, taa ikawaka, feni ikavuma. Nambari mbili vilevile. Nikasema moyoni, unaona, mzee wa watu amepoteza asubuhi yake. Nikaenda nambari moja, nikakifunika, nikafungulia gesi. Kimya. Nikangoja. Nikadhani mtungi umekwisha, nikarudi kwa nambari mbili, papo hapo taa ikawaka. Nikapanda tena kwa nambari moja, kimya. Nikashuka, nikabonyeza kitufe. Kengele ikalia, taa zote zikawaka, na iliyowaka kwa mbwembwe kuliko zote ni ya nambari moja. Mwongo mkubwa yule!

Nikakimulika kwa tochi. Mdomo wake umezibwa kwa rangi nyeupe. Vile viwili wapaka rangi walivifunga mifuko kama ulivyoagiza, lakini kile kiko juu mno, naona waliona tabu kukifikia, wakapuliza rangi juu kwa juu. Muda wote huo nimekaa chini yake nikidhani kinanusa.

Nilikaa juu ya ngazi kitambo kirefu. Kifaa kinaulizwa, kinajibu vizuri, taa inang'aa, wote wanaridhika, na ndani hakinusi kitu. Nilikifikiria sana kifaa hicho. Sitaki kukuandikia niliwaza nini.

Tuma kipya kwa ndege, barabara imefungwa. Ingjaldur nimeshamwambia mwenyewe, na nimemwambia pia kwamba siku ya taa hakizimwi hata kimoja. Akasema watu watacheka. Nikamwambia wacheke, meno ni yao. Karatasi yenye jina nimeibandua polepole isichanike. Nimeitia kwenye pochi.

Ketill


Kaldeyri, 12 Desemba

Kimefika. Nimekifunga palepale juu, nimekipima kwa gesi. Kimewaka, na feni imevuma. Nimekipima tena kwa kupenda tu.

Ketill


Kaldeyri, mkesha wa Krismasi

Binti yangu Steinvör,

Utaisikia redioni, basi isikie kwangu. Jana mchana wakati wa chakula kompresa kubwa ilianza kuvuja kwenye sili ya shafti, ile pete inayozuia gesi isitoke. Taa ya nambari moja ikawaka. Nikazima mitambo kwa kitufe cha nje, nikawaambia watu watoke, wakatoka. Zimamoto wenye mitungi ya hewa mgongoni waliingia wakafunga vali. Hakuna aliyeumia. Mlango sikuufungua.

Feni yako ilifanya kazi kama punda. Mengine hayana maana.

Wanasema nyumba yote bado inanuka taa. Krismasi njema.

Baba yako,
Ketill


Kaldeyri, 27 Desemba

Mwanangu Steinvör,

Barua yake niliisoma kabla hajaifunga, Mungu anisamehe. 'Nikawaambia watu watoke, wakatoka.' Hebu! Hawakutoka. Kaa nikusimulie, maana yeye hatasema hata ukimning'iniza kwa miguu.

Asubuhi kengele ilishalia mara mbili, nambari tatu ile kilafi chako, kila nikifunua masufuria. Nikafungua mlango wa nje, ikanyamaza. Watu waliona ni sehemu ya sherehe. Ilipolia walipiga makofi, wakaimba, 'Taa anaimba! Taa anaimba!' Basi wamekaa wote, sweta zao za zamani zile za kuvaliwa siku ya taa, mafuta ya kondoo yanachuruzika juu ya viazi, na kengele ikalia mara ya tatu. Chumba kizima kikashangilia. Hata mimi nilicheka, nakuambia kweli.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, baba yako huyo, kichwa wazi, uso mwekundu.

'Tokeni nje! Wote!'

'Kaa ule, Ketill,' Ingjaldur akasema, mdomo umejaa. 'Ni taa huyo.'

'Si huyo! Iliyowaka ni taa ya ukutani, siyo taa ya kwenye sahani! Nambari moja!'

Wakacheka zaidi, kwa jinsi alivyosema. Mzee Hrafnkell, unamjua, nahodha, akageuka kwenye kiti chake. 'Umenusa, Ketill?'

Na baba yako akasema, 'Nimenusa!'

Nilimwona akisema. Alisema kama alivyokuwa akisema miaka yote, kifua mbele. Zamani neno hilo lingetosha, watu wangeangusha vijiko. Lakini Hrafnkell akamwambia, 'Hata mimi nanusa! Hata mbwa wangu nyumbani ananusa! Leo kila pua ya Kaldeyri inanusa amonia, bwana wee, na yako imechanganyikiwa kama zetu. Mpeni mtu huyu sahani.' Meza zikalipuka kwa vicheko. Mtu akamsogezea kiti.

Steinvör, nilikuwa nimesimama na upawa mkononi. Nilijua ni kweli, kwa sababu nilijua hakunusa. Kaka yangu akakitazama kile kiti. Akakisukuma kando. Kisha akasema kwa sauti ile ya viziwi inayofika bandarini:

'Nimedanganya. Sikunusa. Mimi sinusi! Sinusi taa, sinusi amonia, sinusi kahawa, pua yangu ilikufa zamani na nimewaficha wote. Pua zenu zimelewa, yangu imekufa, hakuna pua humu ya kuaminiwa! Inayonusa ni ile ya binti yangu, iko nyuma ya milango miwili, haijaonja taa wala haijui leo ni sikukuu. Nimeipima kwa mikono yangu. Imewaka. Hrafnkell, simama!'

Ungesikia mafuta yakiganda. Walimtazama kana kwamba amewaambia bahari imekauka. Ketill hanusi! Na Hrafnkell, ambaye hajawahi kumtii mtu tangu alipozaliwa, akaweka uma chini, akasimama. Wakasimama wote.

Tulitoka kuelekea upepo, hadi kwenye ukuta wa kanisa, wengine na soksi, wengine na sahani mkononi. Baba yako akawa wa mwisho, akihesabu vichwa. Tulipogeuka tuliona lile wingu jeupe likitoka juu ya paa pale feni inapotolea hewa, upepo ukilipeleka kwenye maji. Hakuna aliyeimba tena. Mkuu wa zimamoto alituambia baadaye kwamba angeufungua mtu mlango wa chumba cha mitambo ili achungulie au anuse, gesi ingemwagikia korido yote hadi mezani, na yeye mwenyewe asingerudi. Ingjaldur akavua kofia kwenye baridi ile, akaja akasimama mbele ya kaka yangu, kisha akavaa kofia tena.

Halafu Hrafnkell akauliza, 'Tangu lini?'

'Tangu mke wangu yuko hai.'

'Na ile supu yangu ya Pasaka uliyoisifu mbele ya watu?'

'Niliisifu kwa macho.'

Basi tukacheka, mwanangu, tukiwa na baridi na hofu, na yeye akacheka nasi mpaka akaegemea ukuta wa kanisa. Nilikuwa nikiogopa siku hiyo kwa ajili yake, nikidhani watamdharau. Hakuna aliyemdharau. Nimekuwa dada yake maisha yangu yote na sijawahi kumwonea fahari kama nilivyomwonea pale.

Taa tulimmalizia kwenye ukumbi wa kanisa, amepoa.

Shangazi yako,
Bergljót


Akureyri, 5 Januari

Baba mpendwa,

Shangazi ameniandikia. Usimkasirikie, na usimwulize ameandika nini, ameandika yote.

Nilijua tangu Novemba, baba. Nilijua kuhusu pipa la maji ya mvua. Nilipokuandikia ile barua ya jina nilijua, na sikusema, kwa sababu sikutaka usikie kwangu kwamba nimejua. Kila neno la barua ile ni kweli hata hivyo. Sasa hatufichani tena.

Naona fahari juu yako. Naiandika wazi ili uisome kwa miwani zote mbili. Nilidhani ninayotaka ni kwamba vifaa vyangu visishindwe. Havikushindwa, na visingemsaidia mtu hata mmoja kama wewe ungenyamaza. Kengele ililia na watu wakaipigia makofi. Waliyemwamini ni wewe, na ulilazimika kuwapa kitu ambacho ulikuwa umekishikilia kuliko vyote.

Niliwasimulia wenzangu ofisini. Yule wa kusini akasema angependa kumla taa mwaka ujao, kwa sharti wewe uwe zamu.

Sasa kuna kazi, na sijui nijibu nini. Habari imekwenda mbali kuliko redio. Viwanda viwili vya upande wenu, vyote vya amonia, vimeandika kuomba vitambuzi vyao vipimwe kwa gesi, kimoja baada ya kingine, kabla ya msimu wa samaki kuanza. Wamesema hawamtaki fundi wa mjini. Wamemtaka mtu mmoja, na jina lake hawakulikumbuka vizuri. Wameandika, 'Tuleteeni yule mzee asiyenusa.'

Niwajibu nini?

Steinvör


Kaldeyri, 14 Januari

Binti yangu Steinvör,

Wajibu kwamba nakuja barabara ikifunguka. Waambie waweke ngazi imara, wawaondoe wapaka rangi wote, na chakula cha mchana wapike chochote, kwangu ni mamoja.

Ketill Hrólfsson,
asiyenusa